CHUJIO LA MAFUTA: JINSI YA KULIBADILISHA NYUMBANI
Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi. Tumeiandikia insha, tukapewa alama zetu, tukafunga daftari. Lakini mimi nilikuja kuielewa siku niliyosimama kando ya barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, jua limekwisha kuzama, nikipunga tochi ili malori yasitugonge.

Siku hiyo tulikuwa tumempeleka nyanya kliniki kule Voi. Nyanya anaugua pumu, na baridi ya milimani humbana kifua. Gari letu ni Toyota Land Cruiser kuukuu, la miaka ya 1990, injini ya dizeli. Ndilo linalobeba mboga zetu kwenda sokoni, ndilo linalobeba maharusi wa kijiji kizima, na ndilo ambulansi yetu pia. Baba hulisifu kuwa halijawahi kumwacha njiani.

Basi siku hiyo lilituacha. Kwenye tambarare lilikuwa linakwenda vizuri tu, lakini tulipoanza kupanda zile kona, nguvu zikapungua. Baba akakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likazidi kuregea kama mtu aliyefunga siku tatu. Likakohoa, likakohoa tena, kisha kimya! Baba akangoja dakika chache, akapiga stata, likawaka. Tukapanda kona mbili, likazimika tena. Mara ya tatu halikuwaka kabisa.

Tukakata matawi tukayaweka barabarani nyuma yetu pamoja na vile vibao vyekundu vya pembetatu, tukaegesha mawe kwenye magurudumu. Nyanya alikuwa amejikunyata kiti cha nyuma, pumzi zikipiga filimbi. Mama alikuwa akimsugua mgongo, hasemi neno. Nusu saa nzima tulikaa pale, na kwangu ilikuwa kama usiku mzima. Kwa bahati njema matatu moja ikatokea, ikawachukua nyanya na mama hadi nyumbani. Sisi tuliobaki tuliburutwa na lori la mchanga saa tatu za usiku.

Je, ni nini kilicholizimisha gari kubwa namna ile? Si injini kuharibika. Si tangi kuwa tupu. Ni kikopo kidogo unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, kiitwacho chujio la mafuta, ama filta kama wasemavyo mafundi wa jua kali. Katika makala haya nitaeleza chujio hilo ni kitu gani, kwa nini huziba, na jinsi tulivyolibadilisha sisi wenyewe nyumbani Jumamosi iliyofuata. Mwishoni nitakiri jambo moja ambalo nililificha.

CHUJIO HUFANYA KAZI GANI?

Mama anapochuja chai, majani hubaki kwenye kichungi na chai safi huingia kikombeni. Chujio la mafuta nalo ni hivyo hivyo, ila matundu yake ni madogo mno. Ndani ya kile kikopo cha chuma mna karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa kama kipepeo cha karatasi, ili eneo kubwa litoshe mahali padogo. Karatasi hiyo huzuia chembechembe za mikroni chache tu. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hivyo uchafu unaozuiliwa na chujio hili hata kwa macho huuoni.

Mbona uchafu mdogo hivyo uogopwe? Hapa inatupasa kuielewa injini ya dizeli. Injini hii haina plagi za kutoa cheche kama ya petroli. Huivuta hewa ndani ya silinda na kuibana mpaka ikawa ndogo mara nyingi. Hewa ikibanwa namna hiyo hupata joto kali. Wakati huo huo dizeli hurushwa ndani kama manyunyu ya ukungu, na ikikutana na lile joto huwaka yenyewe. Kazi ya kurusha dizeli hufanywa na injekta pampu pamoja na nozo.

Injini ya gari letu huitwa 1HZ. Ina silinda 6 na ukubwa wa lita 4.2. Pampu yake haina oili ya kujilainishia: dizeli yenyewe ndiyo inayoilainisha inapopita. Na vyuma vilivyo ndani vimechongwa vikaoana kwa namna ambayo hata unywele haupiti kati yavyo. Sasa fikiria mchanga ukiingia humo! Ni kama kusaga mawe kwenye mashine ya posho. Na maji nayo yakiingia huleta kutu. Kutengeneza pampu hiyo ni gharama inayoweza kumfanya mtu auze ng'ombe, ilhali chujio jipya ni pesa kidogo tu.

UCHAFU HUO HUTOKA WAPI?

Mjomba wangu, ambaye alikuwa fundi wa magari kwa miaka mingi, alinieleza chanzo chake, nami nakupasha.

Kwanza ni vumbi. Huingia tunapofungua tangi, hasa tukijaza mafuta kutoka kwa mtungi au pipa huku upepo unavuma.

Pili ni kutu. Tangi la gari kuukuu hupata kutu ndani, na vipande vyake huzama chini. Mtu akizoea kuendesha gari tangi likiwa karibu tupu, takataka za chini hutikiswa kila mara na kuvutwa.

Tatu ni maji. Tangi lisilojaa lina hewa ndani, na hewa ina unyevu. Usiku baridi ikiingia, unyevu huo hugeuka matone kwenye kuta za tangi na kutiririka chini. Maji pia huingia kwenye mapipa yaliyonyeshewa. Kisha pale maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi kama kamasi, nao huziba chujio upesi.

Jambo jingine ni mafuta ya taa. Kuna wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli ili wapate faida, kwa kuwa yalikuwa na bei nafuu. Mnamo mwaka 2018 serikali yetu ilianzisha tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuikata tamaa hiyo. Lakini elewa, ndugu msomaji, chujio haliwezi kuyatenga mafuta ya taa na dizeli. Yakishachanganyika hupita pamoja, na kwa kuwa hayalainishi vyuma vizuri, pampu huumia. Chujio hukamata yabisi na maji. Udanganyifu halikamati.

DALILI ZA CHUJIO LILILOZIBA

Ukiona haya, lishuku chujio:

Gari linakwenda vizuri kwenye tambarare lakini linakosa nguvu likipanda mlima au likibeba mzigo. Sababu ni kwamba injini mlimani inahitaji mafuta mengi, na chujio lililoziba hutoa kidogo tu.

Gari linazimika, ukilipumzisha linawaka, kisha linazimika tena. Linapopumzika, mafuta hupenya polepole na kukusanyika, nayo yakitumika yote, mambo ni yale yale.

Asubuhi gari linachelewa kuwaka, au injini inatetemeka ikiwa imesimama.

Taa ya chujio inawaka kwenye dashibodi. Magari kama letu yana swichi chini ya chujio yenye kielea kidogo. Maji yakijaa hapo, kielea hupanda na taa huwaka kumwonya dereva.

Msomaji ataniuliza, "Je, taa hiyo haikuwaka kwenu?" Haikuwaka. Subiri.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

Jumamosi asubuhi mjomba alifika akiwa amevaa ovaroli yake ya zamani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Haya, leo nani atashika spana?"

Kaka yangu akacheka akasema, "Huyu ataweza wapi? Si atalia akipata oili kwenye kucha?"

Mjomba akamtazama. "Wewe utashika beseni. Yeye ndiye atakayefungua." Tangu hapo kaka hakucheka tena.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: chujio jipya la aina ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, pamoja na ringi zake za mpira, spana ya ukanda, yaani ile yenye mkanda wa kukaza kwenye kopo, koleo, spana ya kufungulia betri, beseni la plastiki, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, glavu, tochi, na chupa moja ya kioo isiyo na rangi. Hiyo chupa nilidhani ni ya kunywea maji. Kumbe ilikuwa na kazi yake.

Ukinunua chujio, lilinganishe na la zamani: upana, kimo, hesi za ndani na ringi ya mpira. Kuna machujio bandia sokoni ambayo kwa nje yanafanana kabisa na halisi, lakini ndani karatasi ni duni. Nunua kwa mtu unayemjua na utunze risiti.

TULIVYOFANYA, HATUA KWA HATUA

1. Usalama kwanza. Gari liwe mahali tambarare, nje, penye hewa ya kutosha. Injini iwe imepoa. Kaza hendibreki na uweke mawe kwenye magurudumu. Fungua waya wa betri wenye alama ya kutoa. Pasiwe na sigara, jiko wala moto karibu. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikimwagikia chuma cha moto inaweza kuwaka.

2. Safisha nje kabla ya kufungua. Chujio letu limekaa wima chini ya boneti, limeningʼinia kwenye kichwa chake cha chuma, na juu ya kichwa hicho kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Tulipangusa vumbi lote kuzunguka chujio. Mjomba alisema, "Ukifungua na vumbi hili, utaliingiza wewe mwenyewe kule ulikokuwa unalizuia lisiingie."

3. Chomoa waya wa swichi ya maji iliyo chini ya chujio. Usivute waya wenyewe. Bonyeza kishikizo cha plagi kisha uichomoe taratibu. Hapa ndipo mjomba alipoinama, akamulika tochi, akanyamaza. Nitarudi hapo.

4. Mwaga mafuta ya ndani. Weka beseni chini, legeza kizibo kilicho chini kabisa, na uache mafuta yatoke. Ukibonyeza ile pampu ya mkono mara kadhaa yatatoka kwa wepesi. Mjomba aliyakinga ya kwanza kwenye ile chupa ya kioo, akaiweka juani.

5. Fungua chujio la zamani. Zungusha kinyume cha mwendo wa saa kwa spana ya ukanda. Letu lilikuwa limekaza kwa miaka. Nilivuta mpaka nikahisi mishipa ya shingo, kisha likaachia ghafla. Likiachia, malizia kwa mkono, ukiliweka wima kwa sababu ndani bado mna mafuta.

6. Hamisha swichi ya maji. Swichi hutumika tena, haitupwi. Ifungue kutoka chini ya chujio la zamani, ipanguse, ivishe ringi mpya ya mpira iliyopakwa dizeli kidogo, kisha uifunge kwenye chujio jipya. Usiikaze kwa nguvu za Samsoni, maana ni ya plastiki na itapasuka.

7. Tazama ringi ya zamani. Hapa wengi hukosea, na mimi nusura nikosee. Mara nyingine ile ringi pana ya mpira hubaki imeganda kwenye kichwa cha chujio. Mtu asipoangalia hufunga chujio jipya juu yake, ikawa ringi mbili. Mafuta yatavuja na hewa itaingia. Nilikuwa tayari nimenyanyua chujio jipya mjomba aliponiambia, "Wee! Ngoja kwanza. Pitisha kidole pale juu." Nikapitisha. Ringi ilikuwa ingali pale, nyeusi kama chuma chenyewe, huwezi kuitambua kwa macho.

8. Funga chujio jipya. Panguza mahali pa kukalia. Paka dizeli safi kwenye ringi mpya. Zungusha chujio kwa mkono mpaka ringi iguse, kisha ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko, kulingana na maagizo yaliyoandikwa kwenye kopo. Ni kwa mkono tu. Spana ni ya kufungulia, si ya kufungia.

Kuna watu wanaojaza chujio jipya dizeli kabla ya kulifunga ili gari liwake haraka. Mjomba hakubaliani nao. Dizeli unayoimimina kwenye tundu la katikati imeingia upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Ikiwa na uchafu, uchafu huo utakwenda moja kwa moja kwenye injekta pampu. Kazi ya kujaza tuiachie pampu ya mkono.

9. Toa hewa. Rudisha plagi ya waya, hakikisha kizibo cha chini kimefungwa, kisha bonyeza pampu ya mkono. Mwanzoni ni laini, unabonyeza hewa tu. Endelea. Inaweza kufika mara 50 au zaidi, kidole gumba kitauma. Itafika wakati pampu inakuwa ngumu, na hapo ujue mafuta yamejaa. Hewa ikibaki ndani, pampu haiwezi kurusha mafuta, kwa sababu hewa hubanika kama sponji ilhali dizeli haibaniki. Magari mengine yana skrubu ya kutolea hewa. Hiyo hulegezwa mpaka mapovu yaishe, kisha hukazwa.

10. Washa. Rudisha waya wa betri. Piga stata kwa sekunde 10 hivi, ukiona halijawaka liache lipumzike nusu dakika, ndipo ujaribu tena. Ukiishikilia stata bila kupumzika utaiunguza. Letu liliwaka mara ya pili, likatetemeka kidogo, kisha likatulia na kunguruma kama zamani. Mulika tochi kuzunguka chujio uone kama kuna unyevu. Endesha kidogo, rudi, utazame tena.

KILE KIOO KILISEMAJE?

Tulipomaliza, mjomba aliiinua ile chupa. Ndani mlikuwa na tabaka mbili. Juu ilikuwa dizeli. Chini ilikuwa maji, yamechafuka, na vijipande vya kutu vimelala kama mchanga wa bahari. Mwalimu wa fizikia atafurahi kusikia kuwa nilimweleza kaka sababu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, lakini lita ya dizeli ina kilo 0.84 hivi, kwa hiyo dizeli huelea. Somo la msongamano nililolikariri darasani nililiona kwa macho yangu.

Robo nzima ya chupa ilikuwa maji. Mjomba akauliza, "Maji yote haya, mbona taa haikuwaka?"

Sasa nakiri. Mjomba alipoinama na tochi kwenye hatua ya tatu, aliona plagi ya waya wa swichi imechomoka, inaningʼinia. Na aliyeichomoa ni mimi. Miezi mitano kabla ya hapo nilikuwa nikiosha gari. Nikaingiza brashi chini ya boneti nikisugua kwa fujo, plagi ikachomoka. Nilijaribu kuirudisha, ikanishinda, nikaisukuma kando isionekane. Nilijiambia, "Waya mmoja tu, utafanya nini?" Gari liliendelea kuwaka, nami nikasahau. Taa ile isingeweza kutuonya kwa kuwa mimi nilikuwa nimeifunga mdomo.

Kimya kilitanda pale uani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, na nyanya amekaa kwenye mkeka akiota jua. Ningeweza kunyamaza, kwani nani angejua? Lakini nilikumbuka zile pumzi zilizopiga filimbi gizani. Nikasema, "Baba, ni mimi."

Nilitarajia makofi. Baba alivuta pumzi, akasema, "Na mimi je? Kitabu cha gari kiko kabatini. Ni lini nilipokifungua?" Nyanya akakohoa, akacheka. "Basi mmoja alifunga mdomo wa taa, mwingine alifunga macho yake. Nani atamcheka mwenziwe?" Na hayo ndiyo yaliyokuwa hukumu.

Mpenzi msomaji, ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo. Kitu kidogo kilichofichwa hukua gizani.

LIBADILISHWE BAADA YA MUDA GANI?

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kwa barabara zetu za vumbi, mafundi wengi hushauri kati ya kilomita 10,000 na 20,000. Kabla ya hapo, legeza kizibo cha chini mara kwa mara umwage maji, kisha bonyeza pampu ya mkono kabla ya kuwasha. Usingoje taa. Andika tarehe na kilomita juu ya chujio kwa kalamu isiyofutika. Siku hizi letu limeandikwa kwa mwandiko wangu, na ndani ya boneti baba amebandika karatasi yenye tarehe inayofuata.

MWENYE GARI LA PETROLI ASEMEJE?

Tahadhari! Petroli si ndugu wa dizeli. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi, na cheche moja yatosha. Katika magari ya petroli ya kuanzia miaka ya 1990 yenye pampu ya umeme, mafuta yaliyo kwenye paipu yana presha inayoshinda ile ya gurudumu la gari dogo. Ukifungua tu, yatakurukia machoni. Ni lazima presha itolewe kwanza: fyuzi ya pampu ya mafuta huchomolewa injini ikiwa inawaka, injini huachwa ijizimikie, kisha betri hufunguliwa. Chujio lake huwa na mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea, na mshale huo sharti uelekee injini. Kama hujawahi kufanya, mwite fundi usimame kando utazame.

Vivyo hivyo kwa magari mapya ya dizeli yaliyoanza kuenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, yale yenye paipu moja ya presha kuu inayogawia nozo zote. Presha yake inaweza kupenya ngozi ya mkono kama sindano. Hata kwenye gari kuukuu kama letu, usilegeze paipu za nozo injini ikiwaka.

Na kuna hili: usivute mafuta kwa mdomo kwa mpira. Tone moja likiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya. Nyumbani kwetu tunajua thamani ya pumzi.

Mafuta machafu usiyamwage shambani wala mtoni. Yatieni kwenye mtungi uliofungwa, myapeleke gereji wanakokusanya mafuta machafu. Chujio la zamani litoneshe kwanza mpaka likauke.

MANENO NAYO YANA SAFARI

Kwa kuwa sisi ni chama cha Kiswahili, siwezi kumaliza bila kuyagusa maneno. Dizeli ni jina la mtu: Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Injini yake ilifaulu mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1913 alitoweka akiwa melini akivuka kwenda Uingereza, lakini jina lake tunalitaja kila siku kituoni. Gari tumelipata kutoka Kihindi, bomba kutoka Kireno, spana na betri kutoka Kiingereza. Lakini chujio ni letu, limezaliwa na kitenzi chuja. Mafundi waendelee kusema filta, hakuna ubaya, ila tujue kuwa hatukukosa neno.

MSAMIATI WA GEREJI

Boneti: kifuniko cha mbele cha injini.
Injekta pampu: pampu inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozo.
Kielea: kitu chepesi kinachoelea na kupanda maji yanapopanda.
Nozo: kidomo kinachonyunyiza mafuta ndani ya silinda.
Ringi: duara la mpira la kuzuia mafuta yasivuje.
Stata: mota ya kuzungusha injini iwake.

Mwezi uliopita, saa nane za usiku, nyanya alibanwa tena na kifua. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulimfunika kwa blanketi mbili, baba akawasha gari, likawaka mara moja. Tuliteremka hadi Voi, na kesho yake tukapanda zile kona zote na nyanya akiwa ameketi mbele, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Tulipoipita ile kona tuliyolala njaa, alinigeukia akasema, "Fundi wangu, leo halijakohoa."

Kalamu naiweka hapa. Nawe msomaji, ukifika nyumbani likizo hii, fungua boneti uulize: chujio hili lilibadilishwa lini?